Nyanya nyeusi isiyo na jina: shajara ya mradi, Mtopanga

Mei, masika yamekaza

Mbegu ziko kwenye trei, chini ya kibanda cha makuti ili mvua isizifukue. Lengo la mradi ni kujua nyanya hii ni aina gani, na kilichopo mkononi ni kidogo mno. Kwenye kikao chetu cha kubadilishana mbegu nilitoa bamia na mchicha, nikapewa kikaratasi cha gazeti kilichoandikwa "Nyanya nyeusi, Wundanyi". Mama wa Kitaita aliyenipa hakuongeza mengi. "Panda tu, mwanangu. Zikiiva watu watasimama kuuliza."

Watu hawakungoja ziive. Nilipowatajia wakulima wenzangu hilo neno "nyeusi", majina yakamiminika. Mmoja alisema ni Cherokee Purple, mwengine Black Krim, wa tatu akaapa kuwa ni Indigo Rose. Wote wameona picha za nyanya nyeusi, na hakuna aliyeiona hii. Aina za nyanya duniani ni maelfu, na hizi za rangi ya giza peke yake ni ukoo mkubwa. Ukitafuta jina kwa kulinganisha picha utalipata siku hiyo hiyo, na kesho utapata jengine.

Kwa hiyo daftari langu lina safu mbili. Ya kwanza ni ya mambo yanayoyumba: ukubwa wa tunda, uzito, utamu, mipasuko, na kwa kiasi fulani hata umbo. Hayo hubadilishwa na jua, maji na mbolea. Mimi namwagilia maji ya kisima yenye chumvichumvi, na chumvi hupunguza ukubwa wa nyanya huku ikiongeza utamu wake. Nyanya ya nusu kilo kwao huenda ikawa ya gramu 200 kwangu na bado ikawa ni ile ile. Safu ya pili ni ya mambo yasiyoyumba: namna mmea unavyokua, aina ya jani, mabega ya tunda bichi, rangi ya ganda, rangi ya ute unaozunguka mbegu. Haya kwa sehemu kubwa huamuliwa na jeni, yaani vinasaba vya urithi, moja moja, na jeni hizo hazijali kama zimepandwa Mombasa au Moscow. Safu ya pili ndiyo yenye kura. Ya kwanza nitaijaza, ila haitaamua kitu.

Wenye kazi yao hufanya karibu hivyo hivyo. KEPHIS, shirika la serikali la Kenya linalokagua mimea na mbegu, wanapopima aina mpya ya mmea kabla ya kuipa mwenyewe haki yake, huangalia mambo matatu: kama inatofautiana na zilizopo, kama mimea yake inalingana, na kama inabaki vile vile kizazi baada ya kizazi. Hilo la kulingana nimelipigia mstari. Hakuna aliyeniahidi kuwa mbegu za kikaratasini ni za aina moja.

Na kwa nini Mei? Kwa sababu ya joto la usiku. Chavua ya nyanya huharibika usiku ukiwa na joto. Ukibaki juu ya nyuzi 21 hadi 24, maua huanza kudondoka bila kushika. Februari na Machi, kaskazi ikiwa inaisha, usiku wa Mombasa hukaa karibu na 24 au zaidi, na mtu anaweza kuwa na mmea mzuri wa kijani usiozaa hata tunda moja. Julai na Agosti, kusi ikivuma, usiku hushuka hadi kama 20. Ukitaka maua yafunguke wakati huo, mbegu ziingie udongoni sasa, mvua au si mvua.

Juni, mwanzoni

Zimeota. Kitu cha kwanza kutazamwa kwenye mche wa nyanya ni kishina chini ya yale majani mapacha: cha zambarau au cha kijani kitupu. Vyote ni vya zambarau. Haisaidii sana, kwa kuwa nyanya nyingi ziko hivyo. Nimeandika.

Juni, baada ya kupandikiza

Chini ya udongo wa hapa kwetu ni jiwe la matumbawe, ukichimba kidogo jembe linalia. Miche nimeitia kwenye ndoo za rangi za lita 20 zilizotobolewa chini, udongo ukachanganywa na mboji na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Miche iliyofika ndooni ni tisa. Kila ndoo ina namba iliyoandikwa kwa rangi ya mafuta, 1 hadi 9, na kuanzia leo daftari halina ruhusa ya kusema "nyanya zangu". Linasema namba 4 iko hivi, namba 6 iko vile. Kama mimea hii inatofautiana, namba ndizo zitakazonionyesha.

Majani sasa yanasomeka. Jani la nyanya lina sura mbili kubwa. Ya kawaida ina meno pembeni, imekatika-katika. Nyengine ina kingo laini na vipande vichache vipana, mtu asiyejua atasema ni kiazi. Hiyo ya kiazi hutokana na jeni inayojificha: haionekani mpaka mmea uirithi kutoka pande zote mbili. Namba zote tisa zina jani la kawaida lenye meno. Kwa mstari huo mmoja naaga Brandywine na ndugu zake wenye jani la kiazi, pamoja na Japanese Black Trifele, nyanya nyeusi yenye umbo la peasi ambayo ilikuwa kwenye orodha yangu kwa sababu ya rangi tu.

Julai, maua ya kwanza

Hapa ndipo nilipotaka kufika kabla ya matunda, kwa sababu namna mmea unavyokua hufuta majina mengi kwa mpigo.

Kuna nyanya fupi, ambazo hufika mahali zikafunga kazi: ncha ya shina inaishia kwa kichala cha maua, na njiani idadi ya majani kati ya kichala na kichala inazidi kupungua. Kuna nyanya ndefu, zinazopanda kama hazina mpango wa kusimama, na kati ya kichala na kichala mara nyingi utahesabu majani matatu. Ufupi huo ulitokea wenyewe shambani huko Florida mwaka 1914, ni jeni moja tu iliyobadilika, na karibu kilimo chote cha nyanya za viwandani kimejengwa juu yake. Cal J ni fupi. Rio Grande ni fupi. Roma ni fupi. Kreti ya nyanya ikishuka soko la Kongowea kutoka Taveta au Loitokitok, mara nyingi ni za ukoo huo wa ufupi.

Zangu zote ni ndefu. Nimehesabu majani kwenye kila namba: matatu, matatu, mahali pengine mawili, kisha matatu tena. Nimezifunga kwenye fito na ninatoa machipukizi ya pembeni. Money Maker na Anna F1 pia ni ndefu, lakini hizo huzaa tunda jekundu, kwa hiyo zinasubiri rangi ndiyo izifute.

Namba 9 imekufa. Ilinyauka mchana ikiwa bado ya kijani, na kumwagilia hakukuisaidia. Nilikata kipande cha shina nikakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi. Baada ya muda mfupi uzi mweupe kama wa maziwa ukaanza kuteremka. Huo ni mnyauko wa bakteria, Ralstonia solanacearum, na hauna dawa. Ndoo pamoja na udongo wake vimeondoka. Zimebaki nane.

Jambo jengine la Julai ni uchavushaji, maana bila kujua baba wa mbegu mradi huu haufiki popote. Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake, na kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Mchanganyiko na mmea jirani hutokea kwa asilimia chache tu. Lakini hutokea. Chavua imefungiwa ndani ya vifuko vinavyozunguka jike, hutoka kwa mtikiso, na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao wanajua kutikisa. Wakitoka ua hadi ua hubeba habari. Kwa hiyo kichala kimoja kwenye kila mmea nimekivisha kifuko cha wavu kabla maua hayajafunguka, vile vifuko vya zawadi za harusi ambavyo hutiwa ubani na peremende. Nyumba yoyote ya Mombasa ina droo iliyojaa hivyo. Kila asubuhi napiga kidole kwenye kikonyo ili chavua imwagike ndani kwa ndani. Matunda yatakayoingia huko ndiyo yatakayotoa mbegu. Mengine yote ni ya kachumbari.

Agosti

Matunda yameshika vizuri, kusi imefanya kazi yake. Manyunyu ya mchoo yamekuja na kuondoka.

Tuta absoluta ameonekana, yule nondo ambaye wenzetu wa Tanzania humwita kantangaze. Asili yake Amerika ya Kusini, Kenya alitangazwa mwaka 2014. Naondoa majani yenye michirizi na kuyafunga kwenye mfuko juani. Yatosha, mimea ni minane tu.

Kazi kubwa ya mwezi huu ni mabega. Nyanya bichi huwa na moja ya sura mbili. Yenye mabega ina kijani kilichokolea sehemu ya juu, karibu na kikonyo, kisha inapauka kuelekea chini. Isiyo na mabega ina kijani kimoja cheupe-cheupe tunda zima. Mabega ndiyo asili ya nyanya. Wafugaji wa mbegu wa karne iliyopita walichagua zisizo na mabega kwa sababu huiva sawasawa na hupendeza dukani. Mwaka 2012 kikundi cha watafiti, Ann Powell wa Chuo Kikuu cha California, Davis, akiwa kinara wao, kilieleza jeni yenyewe: ile ya asili huongeza chembe za kijani zinazotengeneza sukari ndani ya tunda, na kuiharibu kulipunguza sukari hiyo. Watu walinunua sura wakapoteza utamu.

Nimetazama kila namba matunda yakiwa bado magumu, maana yakianza kugeuka rangi alama hii huchanganya macho. Nimetazama pande zenye jua na zenye kivuli, kwa kuwa jua huongeza ukolezi wa mabega. Majibu: 1, 2, 3, 4, 6 na 8 zina mabega. 5 na 7 hazina.

Nilikaa na mstari huo muda mrefu. Aina moja iliyotulia haifanyi hivi. Kama kikaratasi kile kilikuwa na Cherokee Purple peke yake, au Black Krim peke yake, namba zote nane zingejibu jibu moja.

Vifundo vya vikonyo pia nimeviangalia: zote zina kifundo pale tunda linapochumika. Nyanya nyingi za viwandani hazina, kwa sababu mashine huchuma vizuri kikonyo kisipobaki kwenye tunda. Jeni ya kukosa kifundo inayotumika zaidi ilitoka kwa nyanya mwitu ya visiwa vya Galápagos, iliyokusanywa na Charles Rick. Mbegu za nyanya hizo zilimsumbua kuota, mpaka alipozipitisha kwenye tumbo la kobe wakubwa wa huko. Yeye na mwenzake Bowman waliandika habari hiyo mwaka 1961. Yule kobe Mzee wa Haller Park na jamaa zake wa Aldabra wasihangaike, mbegu za Wundanyi zimeota zenyewe.

Septemba, rangi

Zimeanza kuiva, na mama wa Kitaita alisema kweli. Jirani alisimama ukutani akauliza, "Hizo tungule zimeoza au ndivyo zilivyo?"

Ndivyo zilivyo. Tunda likiiva halifiki wekundu wa kawaida. Linakuwa na giza, na ukilikata katikati ute unaozunguka mbegu bado ni wa kijani. Ute huo wa kijani ndio cheti cha kundi zima la nyanya nyeusi. Katika nyanya ya kawaida klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, huvunjwavunjwa wakati wekundu wa likopeni unapoingia. Katika hizi, jeni ya kuivunja imeharibika, kijani kinabaki, wekundu unakuja juu yake, na jicho linaona giza. Jeni hiyo nayo hujificha: lazima itoke kwa mama na kwa baba.

Indigo Rose imeondoka hapa bila ubishi. Nyanya hiyo ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, iliyotoka mwaka 2012, weusi wake uko gandani tu, tena pale jua linapogusa. Chini ya vile vijani vya kikonyo hubaki haina weusi, na ndani ni nyekundu. Nimeinua vijani hivyo kwenye kila namba. Rangi ni ile ile juu na chini.

Money Maker na Anna F1 nazo zimeondoka.

Namba zote nane zina ute wa kijani. Lakini zikipangwa mezani haziko rangi moja, na hata mdogo wangu asiyejali nyanya aliziweka mafungu mawili bila kuambiwa. Fungu moja ni la kahawia iliyoelekea matofali. Fungu jengine ni la zambarau iliyochanganyika na waridi ya vumbi.

Tofauti hiyo haiko ndani ya nyanya. Iko kwenye ganda, na kuipima hakuhitaji maabara. Nilichovya tunda moja la kila namba kwenye maji ya moto, kisha nikamenya ganda, nikakwangua nyama iliyobaki kwa mgongo wa kisu, nikatandaza ganda kwenye kioo cha dirisha mchana. Ganda la nyanya ni la aina mbili: la njano, au lisilo na rangi kabisa, linapitisha mwanga kama plastiki ya kufungia vitumbua. Nyama nyekundu chini ya ganda la njano ndiyo nyanya nyekundu tuliyoizoea. Nyama hiyo hiyo chini ya ganda lisilo na rangi ndiyo nyanya inayoitwa ya waridi. Na nyama yenye giza hivyo hivyo: ganda la njano linaifanya kahawia, ganda tupu linaifanya zambarau.

Madirishani: namba 1, 3, 4, 5 na 8, njano. Namba 2, 6 na 7, tupu.

Ganda la njano hushinda, ganda tupu hujificha.

Kisa cha Cherokee Purple ni mfano mzuri wa uzito wa kipande hiki cha ganda. Mwaka 1990 Craig LeHoullier, mkusanyaji wa mbegu wa North Carolina, alitumiwa mbegu na mtu wa Tennessee zikiwa hazina jina, zimeambatana tu na maelezo kwamba zilitoka kwa Wacherokee zaidi ya miaka mia moja kabla. Jina la Cherokee Purple alilitoa yeye. Miaka mitano baadaye shambani kwake ulitokea mmea mmoja wa Cherokee Purple wenye tunda la kahawia. Kilichokuwa kimebadilika ni ganda, kutoka tupu hadi njano, na leo mmea huo unajulikana kwa jina jengine, Cherokee Chocolate. Majina mawili, tofauti ni ganda tu. Kwa hiyo anayeniambia "hii ni Cherokee Purple" kwa kutazama namba 1, yenye ganda la njano, amekosea hata kabla hatujaanza. Akitazama namba 2, simkatazi kubahatisha.

Septemba, mwisho: hesabu

Sasa kuna maelezo mawili ya kushindanisha. La kwanza: mbegu za aina mbili tofauti za nyanya nyeusi zilimwagwa kikaratasi kimoja. La pili: ni mbegu za mmea mmoja chotara, na ninachokiona ni watoto wake, yaani wajukuu wa wazazi wake wawili, wakigawana urithi.

Yanatenganishwa kwa kuangalia kama tabia zinatembea pamoja. Zingekuwa aina mbili zilizochanganyika, kila aina ingebeba furushi lake: kahawia zote zingekuwa na mabega, tuseme, na zambarau zote zisiwe nayo. Furushi halifunguki. Lakini kwa watoto wa chotara, kila tabia hupigiwa kura yake.

Kahawia zenye mabega ni 1, 3, 4 na 8. Kahawia isiyo na mabega, 5. Zambarau zenye mabega, 2 na 6. Zambarau isiyo na mabega, 7. Michanganyiko yote minne ipo. Ili kutetea maelezo ya kwanza ningelazimika kusema kikaratasi kile kilikuwa na aina nne za nyanya nyeusi, ndefu zote, jani la kawaida zote. Huko ni kujisumbua.

Uwiano wa kahawia na zambarau, 5 kwa 3, hausemi mengi peke yake. Chotara angetarajiwa kutoa 3 kwa 1, yaani 6 na 2, na kwa mimea minane tofauti ya mmoja si kitu; lakini 5 kwa 3 inaweza pia kutoka kwenye nusu kwa nusu. Mabega yako 6 kwa 2, na hilo nalo nisilifurahie kupita kiasi kwa sababu hiyo hiyo. Ninachokitegemea ni ule mchanganyiko, siyo uwiano.

Kuna hesabu moja yenye nguvu hata kwa mimea minane, nayo ni ya ute wa kijani. Kama mzazi mmoja wa chotara angekuwa nyanya nyekundu ya kawaida, jeni ya weusi ingejificha kwa mtoto, na kwa wajukuu ingetokea kwa mmoja kati ya wanne. Nafasi ya wajukuu wanane kuwa nao wote ni robo nane zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, yaani moja katika 65,536. Kwa hiyo wazazi wote wawili walikuwa nyanya nyeusi, mmoja wa ganda la njano, mwengine wa ganda tupu. Na chotara mwenyewe, kwa kuwa njano hushinda, lazima tunda lake lilikuwa la kahawia na lenye mabega.

Hiyo sentensi ya mwisho inaweza kuulizwa. Aliyeiona nyanya hiyo yuko Wundanyi na ana simu.

Oktoba

Sikumwambia ninachotarajia kusikia. Baada ya salamu, na habari za watoto, na habari za mvua za huko juu:

"Mama, zile mbegu ulizonipa, ulizitoa kwenye mche mmoja au mingi?"

"Mmoja tu, mwanangu. Tena sikuupanda. Ulijiotea kwenye samadi, nikauacha."

"Na tunda lake lilikuwa rangi gani? Zambarau?"

"Hapana, zambarau hapana. Kahawia, kama sukari guru. Huku juu kwenye kikonyo likawa linabaki kijani kijani."

"Kabla ya hapo mlipanda nyanya gani hapo?"

"Binti yangu alileta za kigeni, mbili ama tatu, nyeusi zote. Majina yalikuwa kwenye vijiti, mbuzi wakala vijiti."

Basi, mmea mmoja uliojiotea, wa kahawia, wenye mabega, pale zilipokuwa zimesimama nyanya nyeusi zaidi ya moja. Nyuki fulani wa Taita alifanya kazi yake.

Jibu la mradi ni kwamba nyanya hii haina jina la kutafutwa. Haijawahi kuwa aina. Cherokee Purple anaweza kuwa babu yake upande wa ganda tupu, anaweza asiwe. Ganda tupu juu ya nyama ya giza si mali yake peke yake. Jicho haliwezi kwenda mbali zaidi ya hapo. Maabara ingeweza kiasi. Cornelius Barry na Pankaj Pandey wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walipozipekua nyanya nyeusi za zamani mwaka 2009 walikuta jeni ile ya kijani imeharibika kwa namna nne zilizokuwa hazijulikani, juu ya ile iliyojulikana kabla. Yaani weusi ulizaliwa zaidi ya mara moja, na mahali palipoharibika ni kama muhuri wa ukoo. Kusoma muhuri huo kungesema mababu wawili wa Wundanyi walikuwa wa koo zipi, bila kusema majina yao. Mradi huu hauna fedha hizo, na ningekuwa nazo ningenunua tangi la maji ya mvua kwanza.

Mwenzangu wa Cherokee Purple hakuridhika. Anasema niandike jina hilo tu kwenye bahasha, watu watazichukua haraka. Zitachukuliwa haraka kweli, na mwakani kuna mtu atapata tunda la kahawia na kuanza kutafuta kosa lilikuwa wapi.

Kilichobaki ni kuchagua. Namba 7 ndiyo rahisi kutuliza: kijani cha ute, ganda tupu na kukosa mabega ni tabia zinazojificha zote tatu, kwa hiyo zikishaonekana hazina cha kuficha, na watoto wake watakuwa hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba nyumbani hakuna aliyeomba kipande cha pili cha namba 7. Namba 2 ndiyo iliyomalizwa kwenye kachumbari kabla pilau haijapakuliwa, na mamangu hataki kusikia nyengine. Namba 2 ina mabega, na mabega yanaweza kuwa yanaficha ukosefu wa mabega, kwa hiyo baadhi ya watoto wake huenda wakazaliwa bila. Hao watang'olewa wakionekana. Ganda na ute vyake vimeshatulia. Mengine, umbo, ukubwa na kuwahi kuiva, hutulia kwa kujichavusha: kila kizazi hupunguza nusu ya kilichobaki kutofautiana, na wafugaji wengi hukubali kusema "aina" ifikapo kizazi cha saba au cha nane.

Nimechagua namba 2.

Mbegu za vifukoni zimetolewa, zimechachushwa kwenye gilasi mpaka ute ukaachia, zimekaushwa kivulini. Hazikuchanganywa. Bahasha zimeandikwa "Wundanyi nyeusi, kizazi cha tatu, kutoka namba 2, kichala kilichofungwa", na za namba 7 vivyo hivyo kwa atakayependa njia fupi. Sehemu ya kila namba inarudi kwa mama Wundanyi kwa basi. Mbegu zilizobaki kikaratasini zitapandwa Mei ijayo kwenye ndoo nyingi zaidi, ili uwiano wa ganda uhesabiwe kwa idadi yenye maana.

Kuna wengine waliogaiwa mbegu hizo siku ile ile. Aliyezipanda animenyee tunda moja la kila mmea, atandaze ganda dirishani, anitumie hesabu: njano ngapi, tupu ngapi. Picha za tunda zima sizihitaji.